Mkono wa Kuume

Binti yangu anapasha mafuta ya mawese, ananipaka begani, na harufu ile inanirudisha utotoni, kanisani, kwenye benchi, kando ya nyanya yangu aliyenukia mawese yaleyale.

Alikuwa ameteleza kilimani na mzigo wa mihogo, bega la kuume likachomoka. Mzee mmoja alilivuta likarudi, lakini mkono haukuinuka tena. Kufanya ishara ya msalaba kwa kushoto alikataa kabisa.

“Mutoto, niinulie mukono,” alininong’oneza kila sala ilipoanza.

Jumapili moja nilikuwa na hasira, wenzangu walikuwa wanacheza nje. Nikaunyanyua kwa nguvu. Kitu kikalia ndani ya bega. Machozi yakamtiririka, watu wakadhani sala imemgusa.

“Aksanti, mutoto yangu,” aliniambia baada ya amina.

Hakuniomba tena.