Shukrani kwa Daraja Lisilokuwapo

Mumbe hakuwa mwepesi wa hasira. Watu wa skimu, yaani mashamba waliyogawiwa watu wa kutoka bara huko juu ya Msambweni, watakwambia kwamba mama huyo alivumilia ndovu waliomlia mahindi, akavumilia mume anayefanya kazi hotelini Diani na kuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na usingizi tu, akavumilia hata mawifi. Lakini Diwani Gilbert alimshinda. Ukimtajia jina hilo aliweka chini alichokishika, akakutazama kwanza, kisha akakuuliza umetumwa na nani.

Na la kuudhi zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwimbia.

Mwaka wa tisini na mbili Gilbert alikuja kuomba kura na viatu vyenye matope kama vya mtu mwingine yeyote. Alikuwa mwenzao, Mkamba aliyekulia skimu hiyo hiyo, na walipomwona walijiona wao. Alisimama ukingoni mwa mto akaonyesha gogo la mnazi ambalo watu walikuwa wakivukia. Akasema, "Mama zangu, mkinipa kura, gogo hili mtalipasua kuni. Nitawajengea daraja mvuke na viatu miguuni." Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Ng'ambo ya pili ndiko kulikokuwa na shule, maduka, kituo cha kupigia kura na barabara ya kuteremkia Msambweni. Upande wa kina Mumbe kulikuwa na mashamba, kanisa la mabati na wao wenyewe, basi.

Aliahidi mengine pia, maana mdomo haulipiwi ushuru. Zahanati ilipanda mpaka kwenye madirisha ikaishia hapo, na mbuzi wakaihamia. Nguzo za umeme zilipita mbali kwenda kwa wenye bahati zao. Hayo Mumbe aliyaachilia. Yeye alitaka daraja, kwa sababu Kavata, binti yake wa pekee, alikuwa darasa la tatu, na kila mvua ikinyesha mtoto alikaa nyumbani akichezea jivu huku wenzake wa ng'ambo wakisoma. Mumbe mwenyewe aliacha shule akiwa mdogo. Alikuwa ameapa kwamba huyu atamaliza darasa la nane aende sekondari, hata kama itabidi yeye Mumbe ale makaa.

Gilbert akapita. Na hapo ndipo Mumbe alipofanya kosa ambalo asingelifanya mtu ila aliyelelewa kama alivyolelewa yeye. Kwao Ukambani mamake alimfunza kwamba mkubwa haombwi, hushukuriwa. Ukimwomba atakwambia tutaona. Lakini ukimshukuru mbele za watu kwa jambo ambalo hajalifanya, aibu itamkimbiza alifanye. Mamake mwenyewe alikuwa amepata kisima kwa njia hiyo, na shule ya Makueni ikapata paa. Sasa Mumbe alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha akina mama, mwenye sauti ya kufika vijiji viwili, na lori lilikuwa limemwaga rundo la mawe kando ya mto. Aliposikia kwamba sikukuu ya Jamhuri mkubwa mmoja atakuja kutoka Mombasa, alitunga wimbo. Gilbert ametujengea daraja, tunavuka na viatu, watoto hawalowi tena. Akina mama walivaa leso za sare wakacheza mpaka vumbi likafunika jukwaa.

Mkubwa alifurahi mno. Alimpa Gilbert mkono, na Gilbert akafuta jicho kwa kitambaa. Mumbe alipoliona lile jicho alijua dawa imeingia.

Haikuingia popote. Baada ya sikukuu lori lile lile lilirudi, likapakia mawe yale yale, likayapeleka Ukunda ambako Diwani alikuwa akijenga vyumba vya kupangisha. Mumbe alingoja msimu ukapita, na mwingine. Gilbert akija alikuja kwa gari, akaishia ng'ambo, akapunga mkono. Mwishowe Mumbe alimshika kwenye baraza, akasimama mbele ya watu akamwuliza daraja limefika wapi.

"Mama Kavata," Gilbert akamjibu kwa upole, kama anayesema na mgonjwa, "sasa mimi nifanyeje? Nyinyi wenyewe mlimwimbia mkubwa kwamba daraja liko. Ameondoka akijua hivyo. Leo nikaombe jingine? Ataniona mwizi."

Na watu wakacheka. Wamelowa mpaka magotini kwa kuvuka maji kuja kwenye hilo baraza, na bado wakacheka. Mumbe alikaa chini.

Basi miaka ikaenda hivyo mpaka tisini na saba, Kavata akawa darasa la nane. Ulikuwa mwaka mbaya. Baada ya fujo za Agosti, watu wa bara waliposhambuliwa pwani, watalii walikimbia, hoteli za Diani zikafunga vyumba, na Mulinge, mumewe Mumbe, akarudishwa nyumbani pamoja na wenzake. Watu wa bara wengi walikuwa wamefunga virago. Waliobaki walisema kwa sauti ya chini. Kisha ikaja mvua ile waliyoipa jina la El Nino, mvua isiyojua adabu, na mto ukawa haueleweki: leo magotini, kesho shingoni.

Mtihani wa darasa la nane ulikuwa Novemba. Mumbe alikuwa amepatana na rafiki yake Biasha, Mdigo wa ng'ambo aliyekuwa akinunua machungwa yake tangu zamani, kwamba Kavata alale kwake wiki yote ya mtihani. Ijumaa ya kabla ya mtihani Kavata alikuwa amekwisha kufunga nguo zake. Lakini Jumapili iliyotangulia Gilbert alikuwa ametokea kanisani, kwani kampeni zilikuwa zimeanza, akashika meza ya mchungaji akasema amesikia kilio cha wazazi. Ameleta mtumbwi na mtu wa kuuendesha. Jumatatu asubuhi utakuwa mtoni kuvusha watoto wa mtihani, bure. Aliyasema hayo mbele ya msalaba.

"Basi na asubiri Jumatatu," Mulinge alisema. "Mtoto alale hapa kwao, ale chakula chake, asome kwa utulivu. Diwani ameapa kanisani."

Mumbe aliangalia zile nguo. Moyo wake ulimwambia mpeleke leo, maji yangali magotini. Lakini alikuwa amechoka kuitwa mbishi, na kanisa ni kanisa. Akamwambia Kavata afungue mzigo.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha kana kwamba imelipwa. Jumatatu hapakuwa na mtumbwi. Gogo la mnazi lilikuwa limekwenda na maji, na mto ulikuwa mpana kama shamba. Jumanne asubuhi, siku ya karatasi ya kwanza, Kavata alisimama ukingoni amevaa sare, kalamu mbili mfukoni, akiitazama shule juu ya kilima. Kengele ililia wakaisikia. Mtoto hakulia. Alimwuliza mamake, "Mwaitu, nikivaa nguo za nyumbani sasa ni sawa?" Mumbe akasema ni sawa. Kisha akageuka akamtukana Gilbert kwa Kikamba na kwa Kiswahili, akatukana mtumbwi, akajitukana na yeye mwenyewe kwa kusadiki mara ya pili. Ulipopatikana mtumbwi wa kuazima kutoka Gazi, mtihani ulikuwa umekwisha. Ingebidi Kavata arudie darasa.

Hapo Mumbe akaweka nia moja tu: huyu mtu atoke. Hakutaka daraja tena kutoka kwake wala neno. Alitaka Januari ikifika Kavata arudi shule chini ya diwani mwingine yeyote, na aliyekuwa akigombea naye ni mwalimu mmoja wa Msambweni, mtu asiye na maneno mengi. Mumbe alizunguka skimu nzima na matope yake. Hakuhubiri. Aliuliza tu kila mlango, "Alisema nini mtoni tisini na mbili? Na nyinyi mnavukia nini?" Watu waliangalia miguu yao. Wengi wakasema wamemwelewa.

Aliyekuwa mgumu ni Mulinge.

"Mumbe, tumia akili. Yule ni mtu wetu. Baada ya fujo hizi, tukimwangusha, nani atatusemea?"

"Amekusemea nini ulipofukuzwa kazi?"

"Si hivyo. Sisi hapa ni wageni."

"Mimi nimezika mtoto hapa, Mulinge. Ugeni wangu ulikwisha siku hiyo. Na huyo mtu wetu anakaa Ukunda kwenye vyumba vilivyojengwa kwa mawe yetu. Mpe kura yako wewe. Mimi yangu naijua."

Mulinge hakubadilisha nia. Siku ya kura waliamka pamoja, kila mmoja na kadi yake ndani ya karatasi ya nailoni na mgombea wake moyoni, wakateremka mtoni. Walikuta skimu nzima imesimama pale. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu usiku, na maji yalikuwa yakipita yamebeba migomba na mizizi. Njia ya kuzunguka ilikuwa imekatika wiki nyingi. Kule kilimani, kwenye shule ile ile, waliiona foleni ya wapiga kura chini ya miavuli, wakawatambua na watu: yule ni Biasha, yule ni fundi cherehani, wale ni wajomba zake Gilbert.

Walingoja. Maji hayakupungua. Kijana mmoja alijifunga kamba kiunoni akaingia, na kabla hajafika katikati mto ukamlaza, wakamvuta akitapika. Mwingine akataka kujaribu, Mumbe akamzuia. Akamwambia hakuna kura inayostahili maiti. Mulinge alikuwa amekaa juu ya jiwe, kadi mkononi. Aliwahi kusema mara moja, "Hata mimi ninayemtaka siwezi kumfikia." Alasiri foleni ile ilikuwa fupi. Jua lilipoinama haikuwapo, na masanduku yakachukuliwa.

Gilbert alishinda. Alishinda kwa kura chache hivi kwamba akina mama wa kikundi cha Mumbe peke yao wangemwangusha kabla ya chai ya saa nne.

Habari zenyewe zililetwa na Biasha maji yaliposhuka. Alivuka leso imekunjwa mapajani, viatu kichwani, akapanda mpaka kwa Mumbe akiwa amenuna. Kavata akamwamkia, "Shikamoo, mama Biasha," naye akaitikia marahaba bila tabasamu lake la siku zote. Alikaa, akapewa maji, akanywa.

"Ndugu yangu, mimi sikutaka kukwambia, lakini bora uyasikie kwangu. Jana Diwani alishukuru watu pale dukani, na kipaza sauti. Akasema anawashukuru hasa watu wa skimu."

"Kwa lipi?" Mumbe akauliza.

"Akasema nyinyi mmeridhika na kazi yake. Ati siku nzima ya kura hakutoka hata mmoja wenu kuja kumpinga. Akamalizia, asiyekuwapo na lake halipo. Na watu wakapiga makofi. Wallahi mimi nilitaka kumrushia chungwa."

Mulinge alikuwa akichonga mpini wa jembe. Aliuacha. Alimtazama mkewe kama anayengoja kupigwa. Mumbe aliyapanga mambo kichwani. Walipoimba, Gilbert aliupokea wimbo kama shukrani. Walipouliza, alisema walikwisha kuimba. Walipozuiwa na mto ambao yeye mwenyewe hakuuwekea daraja, alisema wameridhika. Mumbe alitafuta ni kitu gani kilichobaki ambacho mtu yule asingeweza kukigeuza kuwa sifa yake, na hakukiona.

"Kavata," akaita. "Funga nguo zako. Zote."

"Shule haijafunguliwa, mwaitu."

"Najua. Maji yako magotini leo, na kesho siyajui. Utakwenda na mama yako Biasha. Utakaa kwake mpaka umalize huo mtihani."

Kavata alimtazama babake, kisha Biasha, ambaye alikuwa tayari ameitikia kwa kichwa. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Mimi kungoja daraja nimeacha."

Mtoto akauliza nani atamchotea maji na kumsaidia kupalilia. Mumbe akasema atachota mwenyewe. Kisha akaingia ndani kumkunjia sare, akichagua ile isiyo na kiraka, na alijitahidi kufanya haraka kwa sababu Biasha alitaka kuvuka kabla ya mvua.