Namba za Jana

Mzee mmoja wa Mbalibali alinipigia simu akiwa na hasira mpaka Kiswahili kikawa hakimtoshi. Alianza nacho vizuri tu, kisha akahamia Kikurya, na mimi kwa kuwa ni mtoto wa Machochwe nikamfuata hukohuko. Binti yake mdogo, wa miaka sita, alikuwa ameumwa na mbwa asiyejulikana mwenyewe ni nani. Mzee aliosha kidonda kwa maji na sabuni kama redio inavyohimiza, akapiga namba ya bure ya mradi wetu, akaelekezwa zahanati moja ya upande wa Machochwe kwamba ndiko chanjo ya kichaa cha mbwa ilikobaki. Akapanda bodaboda na mtoto. Walipofika, friji ilikuwa tupu. Dozi ya mwisho ilikuwa imetumika jana yake. Ikabidi wageuze hadi Mugumu, na mtoto akachomwa sindano jua likiwa limeshazama.

"Mura, wewe kijana, nani alikwambia chanjo iko kule?"

"Ni ubao wetu, mzee."

"Huo ubao uliiona lini?"

Kwetu mtu akija kukuambia ameona ng'ombe wako waliopotea, huulizi kwanza walikuwa wangapi, unauliza aliwaona lini. Aliyewaona asubuhi amekusaidia, aliyewaona juzi anakumalizia viatu bure. Na ubao wangu haukuandikwa saa mahali popote.

Niueleze kidogo. Mradi wetu, wenye ofisi Mugumu, ulikusanya taarifa za chanjo kutoka vituo vya Serengeti na Tarime. Wahudumu waliingiza kwenye simu hesabu za dozi zao, pamoja na umri na kata ya kila aliyechomwa, hesabu zikaenda kwenye kompyuta za kampuni moja ya mbali sana, tukawa tunazisoma kwenye ukurasa mmoja tuliouita ubao. Kijani maana yake chanjo ipo, nyekundu maana yake hakuna. Nesi wetu wa simu, dada aliyekuja kikazi kutoka Tanga, ndiye aliyeutazama na kuwaelekeza watu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuutunza. Zile kompyuta za mbali tulikodi nguvu zake kwa kiasi maalumu. Tukizidisha matumizi wanatubana, kazi zinasuasua au zinakataa kabisa. Na ubao haujihuishi wenyewe kila dakika kama watu wanavyodhani. Umepewa mara chache kwa siku za kwenda kuchukua namba mpya. Zikiisha, unabaki na za zamani mpaka kesho.

Siku ya yule mzee ulikwenda kuchukua namba mpya ukakataliwa, ukakaa kimya na namba za jana. Zote za kijani, zinapendeza kweli.

Nilikasirika, na hasira yangu si ya kupigapiga meza. Mimi nikikasirika nakaa chini nafanya kazi. Nilichimba kumbukumbu za mfumo kutwa nzima nikagundua nguvu zetu zinaliwa na nini. Kwanza, kila afisa alikuwa amepanga ripoti yake ijihuishe saa moja kamili asubuhi, ili kwenye kikao cha saa mbili aonekane ana namba za motomoto. Ripoti ya mafuta ya pikipiki, ya mahudhurio ya semina, ya matairi, zote mlango mmoja, dakika moja, na chanjo imo katikati inasukumwa. Pili, kila ripoti ilipojihuisha ilipakia upya data ya miaka yote tangu mradi uanze, kana kwamba mbwa wa miaka minne iliyopita anaweza kurudi akatengua alichouma. Tatu ilikuwa televisheni kubwa ya mapokezi. Iliwekwa pale ili wageni wakija waone ubao, nayo ilipakia upya ukurasa uleule kila dakika, namba zikiwa zilezile, iwe kuna mgeni, iwe kuna mfagiaji peke yake.

Nikaenda kwa bosi. Alikuwa mama mchapakazi, mwepesi wa kucheka, ila televisheni ile aliipenda.

"Shikamoo mama. Naomba tuzime ile ya mapokezi."

"Marahaba. Tuzime? Wiki hii tuna wageni! Omba tu waongeze nguvu kwenye bajeti ijayo."

"Bajeti ijayo ni mwakani, mama. Yule mtoto ana sindano nyingine wiki hii hii. Na naomba juu ya ubao tuandike kwa herufi kubwa namba hizi ni za saa ngapi. Zikipitwa na wakati, maandishi hayo yawe mekundu."

"Wageni wataona tuna namba za jana."

"Si ndizo tulizonazo?"

Nikasimama palepale. Nilikuwa nimeamua kwamba sitoki mle ofisini bila jibu, hata akiniita mkaidi, na aliniita. Mwisho akafungua droo, akanirushia rimoti. "Haya, kaizime mwenyewe. Wageni wakiuliza, utawajibu wewe."

Kisha nikazunguka meza kwa meza. Wa mafuta ya pikipiki nilimhamishia saa kumi alfajiri. Akalalamika kana kwamba ataamshwa yeye. Wa semina nikamwambia ripoti yake itajihuisha Ijumaa tu, kwa sababu waliohudhuria semina hawaongezeki baada ya semina kwisha. Alicheka, akakubali. Data ya miaka ya nyuma niliifungia, ikawa kila mara tunachukua za siku chache za karibuni tu. Ubao ulikuwa unachukua muda wa kuchemsha maharage, sasa ukawa unamaliza chai ikiwa bado ya moto.

Ila mzee, katika ile simu yake ya hasira, alishasema hamrudishi mtoto kuchomwa. Chanjo hii ni sindano kadhaa, kila moja na tarehe yake, na ugonjwa wenyewe dalili zikishaanza hakuna wa kukutibu. Nesi alimpigia akakata simu, akampigia tena akakata. Basi nikapanda bodaboda kwenda Mbalibali, nikamkuta anafunga miti ya zizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ubao?"

"Ni mimi."

"Nenda nao. Mtoto amepona, anacheza." Kweli alikuwa anacheza, bendeji mguuni, anafukuza kuku.

Sikumwambia habari za nguvu za kompyuta. Nilimwambia kucheza kwake si kupona, na kwamba safari hii hatamtoa mtoto nyumbani kwa maneno ya ubao peke yake. Nesi atapiga kituoni, mhudumu afungue friji aangalie kwa macho, ndipo tumpigie yeye. Alikaza kamba. Nilipokuwa naondoka akasema, "Mpige mapema."

Asubuhi ya sindano ile, mkoa mwingine unaotumia nguvu zilezile na sisi uliendesha kazi yake kubwa, tukabanwa tena. Ningeweza kulia. Lakini juu ya ubao pale, kwa maandishi mekundu, paliandikwa kwamba hizi ni namba za jana saa tisa mchana. Chini yake zahanati ileile ya upande wa Machochwe, iliyokuwa imeletewa dozi chache juzi yake, ilikuwa kijani. Nesi hakuiamini hata kidogo, akapiga. Chanjo ilikuwa imekwisha tena, na Mugumu nako hazikuwepo. Akapiga kituo kimoja upande wa Ikoma. Mhudumu akafungua friji, akasema zipo. Nesi akampigia mzee amweleze aende Ikoma.

"Ikoma tena? Mnanizungusha!" Simu ikakatika, na alipopigiwa tena hakupatikana.

Kuanzia hapo hatukujua kama yuko njiani au amerudi kwenye zizi lake. Kituo cha Ikoma nacho hakikupokea tena. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na mhudumu ni mmoja. Kufika saa sita mfumo ukafunguka, ila mara zetu za siku zilikuwa zimeliwa na majaribio yaliyogonga mwamba. Ilibaki moja.

"Bonyeza basi," nesi akasema.

"Bado."

"Unasubiri nini, kaka? Mimi moyo unaniuma."

Na mimi uliniuma. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini wahudumu huingiza hesabu wakishamaliza foleni, na nikibonyeza mapema nitaletewa friji ya asubuhi, halafu basi hadi kesho. Nilisogeza kiti mbali na meza. Bosi alipita, akasimama, akavuta kiti akakaa nasi. Hakuna aliyekwenda kula.

Saa tisa na nusu nikabonyeza. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka. Saa iliyo juu ya ubao ikabadilika kutoka nyekundu kuwa nyeusi. Hesabu ya Ikoma ilikuwa imepungua dozi moja.

Inaweza kuwa mtu yeyote, nikajiambia, watu wanaumwa na mbwa kila siku. Nikaifungua ile moja. Ubao hauandiki majina. Uliandika: mtoto wa kike, miaka sita, kata ya Mbalibali, sindano ya pili.

Nesi alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nililia waziwazi mbele ya bosi wangu, na sikuona haya.