Risasi Isiyo na Risasi

Riyadh, Ijumaa, Januari 15, 2016. Baridi inauma vidole, na vumbi limelifunika jua.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Suwaidi, Hezekiah Makokha anafumba macho, anaomba, kisha anaweka kichwa cha risasi juu ya mizani ndogo.

"Mungu akikupa mkono usiotetemeka, mshukuru kabla hujautumia," anasema.

Hezekiah, 43, ni dereva. Alikuja mwaka 2013 kwa mshahara wa riyali 1,500. Kwao Vihiga alikuwa karani wa kupima majani chai, ndiyo maana bosi wake, Abu Nawaf, humwamini katika kujaza risasi za kuwindia.

Novemba iliyopita Najla, kozi wa bosi, ndege wake wa kuwindia, aliacha kula, shingo ikalegea. Daktari wa wanyama alikuta madini ya risasi katika damu yake. Yalitoka kwenye nyama ya swala waliopigwa risasi shambani kwa bosi.

Bosi alirudi amefura. "Hezekiah, kesho mafi rasas!" Yaani, kesho hakuna risasi.

Kwa Kiarabu, kama kwa Kiswahili, madini yale na kinachotoka bundukini huitwa jina moja. Bosi alimaanisha madini. Kesho yake, wakienda kuwinda na wageni, Hezekiah alipakia garini bunduki, mablanketi na birika la kahawa. Risasi hakubeba hata moja.

"Wageni walicheka wakashika mbavu," anasema Rosebellah, mpishi wa nyumba hiyo, Mkenya mwenzake. "Nikamuuliza, 'Mzee, hao swala ungewapiga na birika?'"

Bosi hakucheka. Ikama ya Hezekiah, kibali chake cha kuishi, inaisha Februari. "Nitafutie vichwa vya shaba tupu vinavyopiga sawa," alimwambia. "Ukishindwa, halas, imekwisha, ikama siifanyi upya."

Bila ikama ni kurudi nyumbani, na binti yake Jael yuko kidato cha tatu.

Hezekiah amepima aina tatu kwa wiki sita. "Shaba ni nyepesi kuliko yale madini," anaeleza. "Ukitaka uzito uleule, kichwa kinakuwa kirefu. Kirefu kikitoka kwa bunduki ya bosi kinayumba kama mlevi. Nimechagua hiki kifupi."

Saa tatu, shambani, bosi analala kifudifudi na kufyatua mara tano. Hezekiah ameshika kofia yake kifuani, midomo ikicheza. Rosebellah ameacha kumimina kahawa.

Bosi anaiendea shabaha, anachukua kikombe kidogo cha kahawa mkononi mwa mgeni mmoja, anakibandika juu ya matundu. Yote matano yamefunikwa.

"Nyote mashahidi," anasema. "Ikama yake, Jumapili."

Hezekiah anapangusa macho. Anataka miaka miwili tu, Jael amalize shule, kisha arudi Vihiga kutengeneza mizani za wakulima.

"Na wewe unaahidi nini?" bosi anamuuliza.

Hezekiah anavaa kofia, anasimama wima mbele ya wote.

"Baba, naahidi. Siku nyingine ukisema mafi rasas, nitauliza kwanza: ipi?"

Safari hii, bosi ndiye anayeanza kucheka.