Kiuno cha Dobi

Chumba chao cha kazi kilikuwa na dirisha moja. Penye mwanga alikaa mke, fundi cherehani. Penye ukuta alisimama mume, dobi, na pasi yake ya mkaa. Watu waliwaita Mama Fundi na Mzee Dobi. Nguo iliyoshonwa upande mmoja ilinyooshwa upande wa pili, na kwa miaka thelathini hakuna aliyerudi kulalamika.

Mzee alipogundulika kuwa na kisukari, akiwa na miaka sitini na minane, muuguzi alimshauri apunguze kitambi. Mkewe alilibeba shauri hilo zimazima. Aliondoa sukari, akaondoa wali. Kisha, kwa kuwa mumewe aliamka mara nne au tano usiku kwenda chooni, akaamua kwamba baada ya saa kumi jioni asile wala asinywe kitu. Mayai na maharage akayapiga marufuku pia, maana jirani alimwambia kuwa shibe yoyote ni adui wa mwenye sukari.

Kitambi kikaisha. Kila mwezi Mama Fundi alizipunguza suruali za mumewe kiunoni, akawaonyesha wateja vipande alivyokata kama anayeonyesha cheti cha shule.

"Mwangalieni bwana harusi wangu," alisema.

Mteja mmoja mwenye maneno mengi akamshauri amfunge mzee kamba, asije akaoa tena. Walicheka wote. Mzee naye alicheka, mkono mmoja umeshikilia meza.

Hakusema kwamba usingizi umemhama. Alilala na njaa, nyayo zikimwaka moto, na asubuhi akasinzia hali amesimama. Mapaja yalikuwa yamenywea. Alianza kujaza mkaa nusu ili pasi iwe nyepesi, na nguo nzito akazinyoosha mapema, kabla mikono haijaanza kutetemeka. Alijikaza kisabuni, kwa sababu aliogopa jambo moja tu: kuachwa nyumbani kitandani, mkewe akishona peke yake katika chumba kile.

Mchana mmoja aliketi kwenye kigoda ale, kisha akashindwa kuinuka. Mkewe alidhani ni utani, akamwambia aache mchezo, nguo za watu zinasubiri. Alipomshika kwapani ndipo alipoigusa mifupa.

Hospitalini daktari, binti mdogo kuliko kitindamimba wao, alimtaka mzee ainuke kitini mara tano bila kushika kitu. Aliinuka mara moja. Ya pili ilimrudisha chini. Daktari akaeleza kwa upole kwamba kisukari hudhoofisha misuli, uzee nao hivyo hivyo, na kukosa usingizi huongeza. Kula kidogo kupita kiasi kulikuwa kumemalizia. Kilichopungua hakikuwa mafuta peke yake. Arudishiwe mayai na maharage kwa kipimo, ale chakula cha jioni, dawa zake ziangaliwe upya ili apate kulala, na afanye mazoezi ya kuinuka kitini. Nguvu kiasi zingerudi. Zote, hakuahidi. Pasi ile aiache.

Mama Fundi alimshika mumewe mkono mpaka kwenye benchi la kituo cha basi, wakaketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini, mke wangu? Ulikuwa na furaha mno."

Alilia mbele za watu. Mumewe akamwekea mkono begani, mkono mwepesi hivi kwamba hakuusikia.

Tangu hapo Mama Fundi alinyoosha nguo mwenyewe asubuhi na kushona mchana. Mzee alikaa kwenye kiti kando yake, akiinuka na kuketi, na baada ya wiki sita alifikisha mara tatu. Ndipo karani mmoja, mteja wao wa siku nyingi, aliporudi na suruali yenye mistari miwili ya pasi kwenye mguu mmoja, akiuliza ni nani aliyeiharibu.

Mama Fundi alifungua kinywa.

"Ni mimi," alisema dobi. "Unisamehe, ndugu. Macho yamechoka."

Karani alimtazama kwa huruma, akamwambia apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Nguo zake angezipeleka kwa yule kijana wa ng'ambo ya barabara. Akaikunja suruali, akaaga.

Mama Fundi alibaki na pasi mkononi, mabega yakimtikisika kwa kilio. Mzee alijaribu kuinuka amwendee. Hakuweza; mara tatu za siku hiyo alikuwa amekwisha kuzimaliza. Mkewe akageuka ukutani, asimwone akijaribu tena.