Imeandikwa kwenye faili lakini programu haina habari: redio ya Kakuma na mguu wa Adut

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesoma visa vya humu miaka mingi, na baadhi yenu mnatia chumvi mpaka mboga hailiki. Changu hakina chumvi. Mmoja wa waliokuwepo ni member humu, nikidanganya atanianika.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu za mkono hazijafika Turkana. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa shirika fulani, makao Lodwar. Ofisi yetu ya Kakuma ilikuwa na kompyuta ya DOS iliyounganishwa na redio.

Kila siku saa nne asubuhi programu inaiita Lodwar hewani. Barua zinakwenda, barua zinakuja. Enzi zile hayo yalikuwa maajabu.

Basi barua zikakatika. Wiki nzima kimya.

Nikatoka Lodwar alfajiri na gari la mizigo. Kakuma nikapokewa na opereta wetu, Ekai, Mturkana mpole ambaye sijawahi kumwona akiharakishwa na mtu.

"Ejok, fundi," akanisalimu kwa Kiturkana. "Machine ni mzima. Inakataa kazi tu."

Nje ya mlango kulikuwa na benchi, na hapo alikaa mama mmoja mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, Mama Adut. Binti yake Adut alivunjika mguu ukaunga vibaya, akawa anatembelea fimbo. Daktari wa mifupa alikuwa Lodwar kwa siku chache tu. Kliniki ya kambi ilimwombea Adut nafasi kabla barua hazijakatika, na jibu lingekuja kwa ile kompyuta.

Gari la wagonjwa lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri. Bila jibu, Adut hapandi.

"Jibu yangu imekuja?" akaniuliza kabla sijaweka mkoba chini.

"Bado, mama."

"Haya. Mimi iko hapa."

Najua mtauliza kwa nini tusiulize kwa redio ya sauti. Tuliuliza. Lodwar wakasema habari za mgonjwa hazisemwi hewani, wilaya nzima inasikiliza. Jibu liko kwenye kompyuta. Kisha wakaongeza, "Sisi tunafungua kila saa nne, nyinyi hamuiti."

Ekai naye: "Mimi nakaa hapa kila saa nne. Machine inasema inangoja."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, ndio maana ugomvi haukuisha.

Na programu haikukubali kuita nje ya muda wake, maana masafa tuligawana na ofisi nyingine. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi moja tu, saa nne ya siku ile.

Nikaangalia saa ya kompyuta. Sawa kabisa.

Hapa nitulie kidogo kwa wasio mafundi. Watu wa redio hupanga ratiba kwa saa za GMT. Programu inasoma saa ya kompyuta, halafu inahitaji kuambiwa iko upande gani wa dunia ili ipige hesabu. Inaambiwa kwa setting inayoitwa TZ, ambayo huandikwa kwenye faili la AUTOEXEC.BAT, linalosomwa kila kompyuta inapowaka.

Nikafungua faili. Mstari upo, wa mwisho kabisa: SET TZ=EAT-3, yaani saa za Afrika Mashariki. Hauna kosa.

Nikaamua basi ni antena ya kompyuta, maana redio ya sauti ilikuwa na yake. Nikashika ngazi, lakini ilikuwa ya chuma na jua la Kakuma halikungoja saa nne. Nikashuka napuliza viganja. Kwa kukosa la kufanya nikakaa, nikaandika SET, nikabonyeza Enter.

Amri hiyo haisomi faili. Inaonyesha kile ambacho mfumo umepokea kweli, sasa hivi.

PATH, ile orodha ya folda za programu, ilikuwepo, ndefu kama barabara ya Kitale. TEMP ilikuwepo. TZ haikuwepo.

Na programu ile isipopata TZ inajihesabu iko Marekani, pwani ya magharibi, masaa kumi na moja nyuma yetu. Ndivyo ilivyolelewa. Hivyo kila siku ilikuwa inangoja saa tano ya usiku, wakati jenereta imezimwa na Ekai amelala.

Nikawasha upya nikikodolea kioo macho. Mstari ukapita haraka: Out of environment space.

"Hiyo huja kila asubuhi," Ekai akasema. "Nilidhani ni salamu."

Siwezi kumcheka. Mimi mwenyewe niliwahi kuuona Lodwar, nikadhani diski imejaa.

Kumbe DOS hutenga chumba kidogo tu cha hizo settings, ndiyo hiyo environment. Kila mtaalamu aliyepita Kakuma aliongeza folda yake kwenye PATH, na hakuna aliyekatazwa. Wa mwisho alikuja wiki iliyotangulia na masomo ya kupiga chapa. TZ ilifika ikakuta nyumba imejaa, ikabaki nje.

Nikafyeka PATH, nikaongeza mstari kwenye CONFIG.SYS wa kupanua chumba, nikawasha tena. SET. TZ ipo.

Saa nne redio ikaanza kulia. Barua ya kwanza ilihusu matairi. Ya pili ilihusu matairi hayohayo, kwa hasira. Ya tatu Ekai aliisoma, kisha akanipa.

"Nafasi ya Adut tunaishikilia hadi saa sita leo. Mkinyamaza anapewa mtoto wa Lokichar."

Tukajibu papo hapo. Tukamwambia Mama Adut. Alikaa tena kwenye benchi, akalia. Mimi nikajifanya naangalia nyaya.

Yule mtoto wa Lokichar niliambiwa baadaye kwamba alisubiri ziara nyingine. Hilo linaniuma hadi leo.

Miezi ikapita, nikarudi Kakuma kubadilisha printa. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, msichana akapita mbio, akajikwaa kwenye waya, kompyuta ikazima na kazi yangu ya asubuhi nzima ikapotea.

Alikuwa Adut, hana fimbo. Nilimwambia apite tena.

Funzo langu wakuu: usiulize faili limeandikwa nini, uliza programu imepokea nini.

Wazee wa DOS mliomo, nanyi mlibaki nje ya nyumba gani? Nasoma comments zote. Ekai, nimekosea wapi?