Rozari ya Kastori

Harufu ya mwanzi mchanga uliokatwa asubuhi bado inanipandisha hasira. Watu wengine wa kwetu Mufindi wakiisikia hukumbuka msimu wa mvua, ulanzi mtamu, ile pombe ya mianzi, na vicheko vya kilabuni. Mimi humkumbuka baba mdogo Kastori akinyoosha mkono juu ya kitanda cha baba yangu. Nimeamua kuandika habari zake kabla sijazeeka mno, na sina nia ya kumpamba. Najua amekwisha kufa, na waliokufa tunaombwa tuwaseme vizuri. Lakini yeye alimsema baba yangu kama maiti wakati baba bado anapumua, kwa hiyo sioni kwa nini mimi nimwonee haya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, muda mfupi baada ya sisi kuhamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, si mbali na Igowole. Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu, Galus, alikuwa mpasua mbao, na alipasua pamoja na mdogo wake Kastori kwa msumeno wa watu wawili: baba juu ya gogo, Kastori chini. Anayesimama chini hula unga wa mbao mchana kutwa, na nadhani Kastori alikula unga ule miaka mingi huku akihesabu. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa umefunika msitu wote na baridi ikiuma vidole, baba aliuachia mpini, akakaa juu ya gogo na kusema kuna mtu amemkanyaga kifuani. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye baridi ile. Walimshusha, wakamfunga kwenye machela, wakamfikisha barabarani, na lori la majani ya chai likampeleka hospitali ya misheni. Alikaa huko karibu mwezi mzima.

Siku ya baba kuruhusiwa, mama, mimi na Kastori tulikwenda kumchukua. Daktari alikuwa Mnyakyusa mfupi kutoka Tukuyu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi tumsogelee. Alitueleza kwamba damu ilikuwa imeziba njia, kipande cha nyama ya moyo kikafa, na kipande hicho hakitafufuka. Lakini kilichobaki ni kizima, akasema, ila ni lazima kifundishwe kazi upya, polepole, kwa kutembea, kila siku kuongeza kidogo. Nyumbani hatukuwa na saa, kwa hiyo alitupa kipimo kingine. Mgonjwa atembee huku anaongea. Akiweza kumaliza sentensi zake, aendelee. Maneno yakianza kukatika, akae chini hapo hapo, hata kama ni kwenye tope. Tena asile chumvi, asivute tumbaku, asinywe ulanzi, na asikasirike. Kazi ya kutembea naye nilipewa mimi, kwa sababu mama alikuwa na shamba na mtoto mchanga, na kaka zangu wawili walikuwa shule ya bweni Mbeya.

Kastori alisikia nusu ya kwanza tu ya maneno yale, au aliamua kusikia hiyo tu. Hata hatujamaliza wiki nyumbani, kijiji kizima kilikwisha kuambiwa kwamba moyo wa Galus umekufa na kwamba sasa yeye ni nusu maiti. Neno likashika. Shuleni watoto waliniuliza iliyokufa ni nusu ya juu au ya chini, na usiku tunailaza upande gani. Niliwapiga wawili, mmoja akanipasua mdomo, na nikamwambia mama nimejikwaa.

Kisha Kastori akaja kuchukua kisu. Babu alikuwa ameacha shamba la mianzi kule juu kwenye mahame yetu, na mashamba yale ya ulanzi kwa ukoo wetu yalikwenda pamoja na kisu cha kugemea: aliye nacho kisu ndiye mwenye mianzi. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukatundikiwa kikombe kinachoitwa mbeta, na kila asubuhi na kila jioni mgema hunyoosha mkono, akaukwangua tena kidogo ili maji yake yaendelee kudondoka. Kisu cha babu kilikuwa chembamba, chenye mpini wa pembe, na baba alikichomeka kwenye boriti juu ya kitanda chake. Kastori alikuja asubuhi, akasalimia, akanywa uji wetu vikombe viwili. Halafu akaingia chumbani, akapitisha mkono juu ya uso wa kaka yake aliyelala, akakichomoa. Alisema mikono ya kaka haiwezi tena kupanda juu, na yeye hataki mianzi ya baba yao ioze kwa sababu ya kuoneana aibu. Baba alikifuata kisu kile kwa macho mpaka kilipotoka chumbani. Nilisimama mlangoni na kopo tupu la uji mkononi, na nikamchukia Kastori kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu mwingine tangu siku ile.

Mama alikwenda kwa wazee wa ukoo. Kastori hakubisha hata kidogo, maana alikuwa fundi wa kukubali. Mbele ya wazee alisema kisu atakirudisha siku kaka yake atakapofika kwake kwa miguu yake mwenyewe, kabla mianzi haijaanza kukatwa. Akibebwa, au akiletwa kwa baiskeli, maneno yameisha. Wazee waliona ni haki. Kastori alikuwa bado anakaa kule juu kwenye mahame, kwa ujanja aliojua mwenyewe, wakati sisi wengine tumehamishwa. Kwa mtu mzima mwenye afya ulikuwa mwendo wa saa nzima, na mwisho wake kulikuwa na mlima ambao hata mbuzi walipumzika katikati. Baba wakati huo alikuwa hafiki chooni bila kushika ukuta.

Jioni ya kwanza tulitoka, tukaenda hatua chache, na baba akawa kimya. Hakuwa mtu wa maneno tangu zamani. Nilimtazama midomo, sikujua kama ananyamaza kwa tabia au kwa kukosa pumzi, na hofu ikanishika. Nikamwambia aseme chochote. Alisimama, akafikiri, akatazama upande wa mlima.

"Kastori aliiba asali," akasema.

Akanieleza, kwa sentensi fupi fupi, jinsi mdogo wake alivyokomba asali ya babu akiwa na miaka sita, akampaka yeye Galus midomo akiwa usingizini, na jinsi Galus alivyochapwa. Tulipomaliza habari ya asali tulikuwa tumefika chooni na kurudi. Kesho yake aliirudia ile ya asali, akaongeza ya ng'ombe walioachiwa kwenye mahindi ya jirani, na tukafika kwenye bomba la kijiji. Basi ikawa hivyo. Kila siku alianza mwanzo, na kila siku aliongeza uovu mmoja, na mwendo uliongezeka pamoja na uovu. Mwezi wa nane tulifika kanisani. Mwezi wa tisa tulivuka daraja la magogo, na katika simulizi Kastori akawa kijana sasa, akimsema kaka yake vibaya kwa wazazi wa msichana ambaye Galus alitaka kumchumbia. Nilizijua dhambi zake zote kwa mpangilio kuliko nilivyozijua amri kumi. Baba alipata rangi, akapata hamu ya kula hata chakula kile kisicho na chumvi, na mimi nilitoka shule mbio nikitamani kusikia kinachofuata.

Mama alituona kwa mbali, midomo ya baba ikienda, akaniuliza huwa tunaongea nini. Nikamwambia baba anasali rozari. Alifurahi sana, akamshukuru Mungu mbele yangu, na mimi sikujisikia vibaya hata kidogo. Baada ya siku kadhaa alipita karibu yetu na kuni kichwani, akasikia. Usiku huo alinipakulia ugali na kusema kwamba hajawahi kusikia rozari yenye jina la Kastori katika kila fungu. Hakutukataza. Alisema tu kwamba daktari alikataza hasira, akaacha hapo.

Mlima ndio uliotushinda. Karibu mwezi mzima tuliuanza na kurudi. Maneno yalikatika mahali pale pale, kwenye habari ya mazishi ya bibi, ambapo Kastori alifika kaburi limekwisha kuchimbwa, akalia kuliko wote, na kuondoka na blanketi la marehemu. Baba hakuwahi kulifikia blanketi. Siku moja alijaribu kunidanganya. Alisema atanyamaza ili atunze pumzi, apande tu, kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na machipukizi yalikuwa yanatoka. Alipanda hatua kama ishirini, midomo ikawa ya majivu. Nilikimbia, nikasimama mbele yake, nikamwekea mikono tumboni.

"Bila maneno hatuendi, baba."

Alinitazama kwa hasira, halafu hasira ikamtoka. "Haya, mama," akasema, maana nimebeba jina la mama yake. Tukakaa kwenye nyasi mbichi mpaka rangi ikarudi. Nililia kwa siri, nikimwomba Mungu amuue Kastori kabla hajamuua baba, na sala hiyo sijaitubu.

Jumapili moja ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja, baada ya misa, tuliupanda. Polepole, baba akisema, mimi nikisikiliza kila neno kama mtu anayesikiliza paa linalovuja. Bibi akazikwa, Kastori akalia, blanketi likaondoka, na maneno yalikuwa bado mazima. Tulipotokea uwanjani kwake, Kastori alikuwa amekaa na wazee watatu wa ukoo wakinywa pombe. Alituona, kikombe kikabaki hewani.

"Kamwene, Kastori," baba akamsalimia. "Nusu iliyo hai imefika."

Kastori aliinuka upesi, akaleta kigoda, akakipangusa kwa mkono wake mwenyewe, akasema kaa kaka, utapumzika, mlima ni mrefu. Niliona alichotaka. Alitaka wazee wamwone kaka yake akiangukia kigoda na kuhema. Baba alikisogeza kigoda kwa mguu na kubaki amesimama. Basi Kastori akasema ngoja akitafute kisu, hajui alikiweka wapi. Akaingia ndani, na akakaa. Jua likasogea. Alikuwa anangoja mtu aanguke.

Ndipo baba akaanza na asali. Kwa sauti ya kawaida, mbele ya wazee, akizimaliza sentensi zote. Akapita kwenye ng'ombe, akapita kwa mchumba, akamleta Kastori mtu mzima. Wazee waliweka vikombe chini. Alipofika kwenye blanketi Kastori alitoka na kisu mkononi, na ilibidi asimame mlangoni kwake asikilize yaliyobaki, maana hakuna aliyemfungulia njia ya kusema. Baba alimaliza kwa kikombe cha pili cha uji na mkono uliopita juu ya uso wake. Hakuna neno hata moja lililokatika. Mzee mmoja akamwambia Kastori ampe mwenzake kisu. Akatoa. Furaha niliyoipata kuutazama uso wake siku ile sikuipata hata siku ya harusi yangu.

Tulipopita kona ya kwanza, baba alikaa kwenye gogo na kutetemeka mwili mzima. Nilimshika mkono, na kwa muda mrefu hakusema lolote, nami nikaanza kuogopa. Mwishowe akapumua.

"Nimemsahau mbuzi," akasema.

Mbuzi alikuwa wangu, niliyepewa siku ya komunyo ya kwanza. Wakati baba yuko hospitali Kastori alikuja kumchukua, akamchinja kwake na kuwalisha watu. Alimwambia mama kwamba ni afadhali kujiandaa na msiba mapema kuliko kuaibika. Katika dhambi zote za Kastori hiyo ndiyo niliyoisubiri kila jioni, na siku ya siku baba akaisahau.

Baba aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Hakupasua mbao tena, lakini aligema, akinyoosha mkono juu asubuhi na jioni. Ulanzi wenyewe hakuuonja. Kila msimu, wa kwanza kabisa alinituma nimpelekee mdogo wake, katika kibuyu kilichojazwa nusu, si zaidi, na nimwambie umetoka kwa nusu maiti. Kastori alikipokea kwa mikono miwili mbele ya wageni wake, kwa sababu zawadi ya kaka haikataliwi. Nilipanda mlima ule mwaka baada ya mwaka bila kuchoka.

Sasa ni zamu ya moyo wangu. Mwaka huu nililazwa hapa Mbeya, na nilipopata nafuu wakaniweka kwenye mashine ya kutembelea, waya zimebandikwa kifuani, kioo mbele yangu kikichora milima ambayo sipandi. Baba yangu alikuwa na bomba la kijiji, daraja la magogo na mtoto wa miaka kumi. Mimi nina kiyoyozi na binti mwenye koti jeupe anayejua mapigo yangu kabla sijayajua mwenyewe. Ni binti mwema. Ameniambia kinyongo ni kibaya kwa moyo, kwamba nijitahidi kusamehe walionikosea, nikamwitikia vizuri kama watu wanavyowaitikia madaktari. Kisha akasema kitu nilichokifahamu: nitembee huku naongea, nimsimulie jambo lolote linalonifurahisha. Nikaanza na asali. Nilikwenda mpaka kwenye blanketi, mpaka kwenye kisu, bila neno kukatika. Akatazama kioo, akatabasamu, akasimamisha mashine na kusema nimefanya vizuri mno, mama, kwa leo inatosha. Nikamwambia aiwashe tena, maana nilikuwa bado sijafika kwenye mbuzi.