Kanuni ya Nne ya Mwalimu Tadeo

Mwalimu Tadeo Kalinga alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Alizaliwa nao huko Idodi, na mama yake, Verediana, alisema mtoto huyu angemuuliza hata ng'ombe kwa nini anacheua. Vita vilipokuja akachukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma, na huko badala ya kujifunza kuogopa risasi akajifunza kufungua tarumbeta ili aone sauti inakaa wapi. Aliikuta tupu. Sajini wa bendi alimpa siku tatu za kuchimba vyoo kwa kosa hilo, naye akachimba huku akijiuliza kitu kitupu kinawezaje kupiga kelele namna ile.

Vita vilipokwisha alisomea ualimu, na mwaka 1954 akapewa kazi katika shule ya kati moja nje kidogo ya mji wa Mbeya. Alikuta stoo ya shule ina tarumbeta nne, filimbi kumi na mbili, ngoma ndogo tatu, matoazi na ngoma moja kubwa iliyoliwa na panya upande mmoja. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ezekia, alimwambia kuwa vitu hivyo vimelala tangu aondoke mmisionari aliyevileta, na kama anavitaka avichukue, mradi kelele zisivuke darasa la nane wakati wa masomo.

Wiki ya kwanza hakupiga hata noti moja. Alikwenda kwa wazee wa Kisafwa kuuliza ngozi ya ngoma inakazwaje, akaambiwa ioteshwe moto. Akauliza moto wa kuni gani. Wazee wakatazamana, maana hakuna aliyewahi kuwauliza jambo hilo. Akauliza pia kwa nini ngoma iliyooteshwa asubuhi huimba vizuri kuliko ya jioni, na mzee mmoja akamwambia kwa upole aende nyumbani akapumzike.

Bendi ilipopata wanafunzi ishirini, Tadeo alitafuta ubao wa msandarusi, akauandika kwa rangi nyeupe na kuutundika kwenye mlango wa stoo. Zilikuwa kanuni saba. Mikono ioshwe kabla ya kushika chombo. Tarumbeta ya mtu haipulizwi na mtu mwingine, hata kama ni ndugu yake. Chombo hakilali nje ya stoo. Ya mwisho, anayeshindwa hesabu huweka chombo chini mpaka mtihani unaofuata, na hiyo iliwaliza wengi. Lakini iliyokuwa nguzo ya nyumba ni ya nne: *Bendi ikitembea, macho mbele. Haisimami, haigeuki, haisemi na mtu. Atakayevunja, mwezi mmoja nje ya mstari.*

Kanuni hiyo aliitoa mdomoni mwa sajini wake wa Keya, neno kwa neno. Na hapa ndipo mtu hushangaa. Tadeo, aliyeuliza kuni za kuoteshea ngoma, hakuwahi kuiuliza kanuni ya nne ilitoka wapi na inamfaa nani. Kila mtu ana chumba kimoja nyumbani mwake ambacho hafagii.

Wazazi waliitwa shuleni wasomewe kanuni na kuweka dole gumba kwenye karatasi. Walikuja Wasafwa, Wanyakyusa, Wasangu wawili waliotoka mbali, na bibi mmoja wa Ilomba aliyeitwa Tupokigwe, mlezi wa Asukile. Baba yake Asukile alikuwa kwenye migodi ya shaba huko Rodesia, na mtoto amelelewa na bibi huyo tangu akitambaa. Kanuni ya nne iliposomwa, Bibi Tupokigwe aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Na wakikutana na mtu mkubwa njiani, mwalimu?"

Tadeo alimjibu kuwa bendi si mtu, bendi ni kitu kimoja kinachotembea, na kitu hakisalimii. Bibi akaivuta karatasi, akaweka dole. Waliomjua waliona kwamba hakukubali. Aliweka dole tu.

Sasa, anayezijua nyanda zile anajua ukubwa wa jambo hili. Mtoto wa Kinyakyusa, au wa Kihehe, au wa Kisafwa, anaweza kuiba ndizi akasamehewa. Lakini akimpita mtu mkubwa njiani bila kusimama na kusalimu kwa unyenyekevu, habari hufika nyumbani kabla yake, na swali humngoja mlangoni: umekuwa mtoto wa nani siku hizi?

Mwaka 1956 ikaja barua. Bendi za shule za kati za Jimbo zingeshindana Iringa mwezi wa Agosti. Tadeo aliisoma barua ile mara tatu akiwa amesimama. Iringa kulikuwa kwao. Alimtumia mama yake salamu kupitia kwa binamu yake Marcelino, aliyekuwa na duka dogo pale mjini, kwamba atapita barabara ya sokoni mbele ya bendi yake, na mama akiweza aje aone kazi anayofanya mwanawe. Tangu atoke Keya, mama hakuwa ameielewa kazi hiyo. Aliwaambia majirani Tadeo anafundisha watoto kupuliza.

Wiki mbili kabla ya safari bendi ilifanya mazoezi ya mwendo hadi Ilomba. Asukile alikuwa na ngoma kubwa kifuani. Mkono wake ulikuwa na utulivu wa ajabu. Tadeo alikuwa amekwisha kumuuliza mara nyingi anahesabu vipi, naye akajibu kwamba hahesabu, anasikiliza miguu ya wenzake. Walipoipita kona ya mto, Bibi Tupokigwe alikuwa anatoka shambani na kikapu cha viazi kichwani. Akasogea pembeni, akasimama kungoja.

Asukile alisimama. Akapiga goti nusu, ngoma na yote, akamsalimu, "Mugonile." Mwenye matoazi akamgonga mgongoni, mwenye tarumbeta akaipuliza ndani ya kola ya mwenzake, na mstari uliokuwa umenyooka ukawa kama mbuzi waliotoka zizini. Bibi aliitikia salamu kwa utulivu, mpaka mwisho, kana kwamba hakukuwa na fujo yoyote.

Tadeo hakupaza sauti. Alimvua Asukile mkanda wa ngoma pale pale barabarani na kumwambia mwezi wake umeanza leo. Kila mtu alijua kuhesabu: mwezi ungekwisha Iringa ikiwa imepita. Asukile machozi yalimlengalenga, lakini aliuliza swali moja.

"Mwalimu, ulitufundisha ngoma inasema hatua. Kwani haiwezi kusema salamu?"

Siku nyingine yoyote Tadeo angeketi juu ya jiwe na swali kama hilo hadi jua lizame. Siku ile alilisikia kama jeuri. Alimwambia ngoma ni ya mwendo, akampa Jailos mkanda. Jailos alikuwa na mikono ya mpasua kuni na masikio ya kuni zenyewe. Bibi Tupokigwe hakuja shuleni kumwombea mjukuu wake. Kila Tadeo alipopita Ilomba alimkuta mlangoni, akasalimiwa kwa heshima zote, na heshima hizo zilimkera kuliko matusi.

Safari ya Iringa ilikuwa ya siku nzima nyuma ya lori, vumbi likawafanya wote kuwa wa rangi moja. Kesho yake saa nne walijipanga. Tadeo alishika fimbo ndefu yenye kichwa cha shaba, akaiinua, na bendi ikaingia barabara ya sokoni. Ngoma ya Jailos ilikuwa inawahi kidogo, kisha inachelewa kidogo, lakini watu walikuwa wamejaa pande zote na kelele zilificha mengi.

Alimwona kabla hawajafika. Mama Verediana alikuwa amejifunga kitenge kipya, kuku chini ya kwapa, amesimama mbele kabisa, karibu aguswe na fimbo. Alikuwa ametoka Idodi juu ya magunia ya lori. Tadeo alipofika usawa wake, aliisikia sauti ile iliyomwita tangu hajui jina lake.

"Kamwene, mwanangu."

Kamwene ni salamu ya Kihehe, ya kuitikiwa. Haiachwi hewani, hata na mgonjwa. Tadeo aliisikia ikimfikia, akasikia shingo yake ikitaka kugeuka, akaizuia. Macho mbele. Fimbo juu. Hatua moja, mbili, tatu, na mama akabaki nyuma. Mtu mmoja kwenye umati alicheka, na Tadeo hakujua anachekwa nani. Aliona aibu iliyomshuka mpaka magotini, na magoti yakaendelea kutembea.

Walipata nafasi ya pili kati ya shule tano. Mwamuzi, Mzungu mrefu mwenye soksi nyeupe, alisifu nidhamu ya mstari wao na kusema ngoma kubwa iangaliwe. Watoto walirukaruka. Tadeo aliwaacha kwa Mwalimu Ezekia akaenda mbio kwa Marcelino.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya duka, kuku amefungwa mguu. Tadeo alipiga magoti, akamsalimu. Mama aliitikia vizuri, akamuuliza habari za safari, za baridi ya Mbeya, za chakula. Kisha akamweleza jambo, kwa sauti ya mtu anayesimulia yaliyompata mwingine.

"Pale barabarani nimemwona mtu ana mwendo wa marehemu baba yako. Nikamsalimu, hakuitika. Nikasema basi, siye. Mwanangu angeitika. Nikaja hapa kukungoja wewe."

Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu miaka hiyo. Je, hakumtambua kweli? Au alimtambua vizuri sana? Tadeo alimuuliza. Alimuuliza mara mbili, kwa maneno tofauti. Mama alifungua mguu wa kuku, akamkabidhi, akasema jua linakwenda na watoto wa watu wanamngoja.

Njia nzima ya kurudi alikaa nyuma ya lori na kuku mapajani, akilifikiria swali lile. Lilikuwa swali la kwanza maishani mwake ambalo hakutamani kupata jibu lake.

Kesho yake alikwenda Ilomba. Alimkuta Bibi Tupokigwe anamenya maharage, akaketi chini bila kukaribishwa, akamwomba arudie swali aliloliuliza siku ya kuweka dole. Bibi akalirudia. Tadeo akakiri kwamba hakulijibu siku ile, na hata leo hana jibu. Bibi akamwambia amechukua muda mrefu kufika, na kwamba jibu haliko kwake, liko kwa mwenye ngoma.

Asukile aliitwa kutoka kisimani. Alipindua ndoo, akaipiga kwa kiganja mara tatu polepole, akanyamaza, akamtazama bibi yake. Bibi akaitikia. Asukile akapiga mara moja, kama mtu anayesema ahsante. Na muda wote huo miguu yake ilikuwa inachapa papo hapo, kushoto kulia, haikukosea hata hatua.

Hapo ugonjwa wa Tadeo ulirudi wote kwa pamoja. Kwa nini tatu na si mbili? Na wakubwa wakiwa wawili? Na tarumbeta zifanye nini wakati huo? Na kama mtu mkubwa ana salamu ndefu? Asukile alisema watachapa miguu papo hapo mpaka amalize. Tadeo alicheka hadi akashika ukuta, akala maharage ya watu, akarudi shuleni jioni akiwa amesahau kofia.

Aliifuta kanuni ya nne kwa mafuta ya taa akaandika upya: *Bendi ikikutana na mtu mkubwa, ngoma kubwa itasalimu kwa niaba ya wote, na wote watangoja aitikie. Wengine macho mbele, pamoja na mwalimu. Atakayevunja, mwezi mmoja nje ya mstari.* Asukile alirudishiwa mkanda. Jailos akapewa matoazi, na dunia ikapata nafuu.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Mama Verediana alipanda basi akaja Mbeya kumtembelea mwanawe. Siku ya mazoezi alifikishwa Ilomba, akasimama mlangoni kwa Bibi Tupokigwe, bibi wawili wasioelewana lugha za nyumbani, kila mmoja na fimbo yake ya kutembelea. Bendi ikatokea kona ya mto. Tarumbeta zikanyamaza, ngoma ikapiga mara tatu.

Bibi Tupokigwe aliitikia kwa ufupi, kama mwenyeji. Mama Verediana yeye alitoka kabisa barabarani. Kamwene. Habari za huko mtokako. Mahindi yameiva? Ng'ombe hawajambo? Wagonjwa wamepona? Baada ya kila swali alinyamaza, na ngoma ya Asukile ikamjibu, pole pole, bila haraka. Watoto ishirini walichapa miguu papo hapo, vumbi likawafika magotini, Mwalimu Ezekia akatazama saa mara mbili, na hakuna aliyevunja mstari. Mama alipomaliza kuisalimu bendi yote, akasogea mbele, akasimama karibu na fimbo yenye kichwa cha shaba.

"Kamwene, Tadeo."

Ngoma ingeweza kumjibia. Kanuni ilisema hivyo, na ameiandika yeye. Tadeo aligeuza shingo, akashusha fimbo, akamtazama mama yake usoni.

"Kamwene, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, akasogea pembeni. Fimbo ikapanda, bendi ikaenda zake.

Walipofika stoo, Jailos, ambaye masikio yake hayakuwa na faida lakini macho yalikuwa mazima, aliuliza kwa adabu kama mwalimu naye ana mwezi mmoja. Wengine walimfinya anyamaze. Tadeo aliusogelea ubao, akasoma kanuni ya nne kwa sauti, kisha akamkabidhi Asukile fimbo na Jailos ngoma, Mungu awarehemu waliomsikia.

Mwezi mzima Mwalimu Tadeo alitembea kando ya barabara pamoja na watazamaji. Na kila bendi ilipomfikia, tarumbeta zilinyamaza, ngoma ikapiga mara tatu, nayo ikangoja mpaka aitikie.